Mkagua Ng'ombe wa Bashay na Mama Nasra wa Kwenye Simu

Kama umewahi kununua ng'ombe mnadani huku Mbulu na hukuuziwa kikongwe, inawezekana mimi nilikuwa nimesimama pembeni yako. Sijisifu, uliza watu. Naitwa Tomaso, mkulima wa vitunguu swaumu hapa Bashay, umri miaka sitini na tatu, na siku ya mnada kazi yangu ni kukagua. Nikishika taya la ng'ombe nikamfungua mdomo, dalali anaanza kukohoa. Nimeshawaambia madalali mbele za watu, huyu mnayesema ana miaka minne ana wajukuu. Na sichukui hela. Nachukua soda na heshima, na mara nyingi soda naisahau pale kwenye benchi.

Basi mtu huyohuyo, mwenye macho hayohayo, ndiye niliyeingizwa mjini na mwanamke asiyekuwepo, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, nyumbani kwangu. Wanasema mganga hajigangi. Mimi nilipita hapo. Nilijiumiza mwenyewe, halafu nikamuumiza na mtu aliyekuja kwangu kutafuta dawa.

Mambo yalianza na televisheni. Binti yangu Scola ni muuguzi, anafanya kazi Katesh, na ndiye aliyetuletea televisheni ya sola. Kila jioni saa moja na nusu mimi na mke wangu Verdiana tulikuwa tunaangalia tamthilia ya Mama Nasra. Huyu Mama Nasra ameachwa na mumewe, mume kaenda kuoa mwanamke mwingine, halafu kaugua, karudi, kakaa kibarazani anaomba maji. Sehemu ngapi zimepita yule mwanamume yuko kibarazani tu! Verdiana alikuwa ananiuliza kila siku, "Baba Scola, unadhani atamsamehe?" Na mimi kila siku nilimjibu, "Nyamaza tusikie."

Verdiana alifariki mwaka jana mwezi wa nne, presha. Hakujua kama Mama Nasra atamsamehe mume wake. Ningejua zimebaki jioni chache vile, ningezima hiyo televisheni tukaongea. Niliendelea kuiangalia peke yangu, nikilisubiri jibu la swali lake.

Scola akaniletea simu ya kupangusa ili tuwe tunaonana sura. Akanifundisha kupokea, kupiga, na kuweka bando. Mengine nilijifundisha, na huko ndiko kulikoniponza. Siku moja nikatafuta jina la Mama Nasra mtandaoni, ikaja picha yake, kitambaa kilekile cha kijani, tabasamu lilelile. Nikamwandikia, herufi moja moja kwa kidole hiki cha jembe: Mke wangu alikupenda sana, amefariki, alitaka kujua kama utamsamehe mumeo.

Kabla sijamaliza chai, jibu hilo hapo. "Shikamoo baba. Pole sana kwa msiba wa mama yetu."

Yesu na Maria! Nyota wa televisheni ananiamkia mimi! Sasa elewa, huku kwetu mtu akikupa shikamoo kabla hajasema shida yake, umeshamfungulia geti. Vijana wa siku hizi wanakupita njiani na "mambo vipi mzee," na huyu maarufu, anayeonekana nchi nzima, ananipa heshima yangu kamili. Nikajiambia, tapeli hana muda wa kuamkia watu, tapeli ana haraka. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na nililifanya kwa raha zangu zote.

Kuanzia hapo kila siku saa kumi na mbili asubuhi: "Shikamoo baba. Umeamkaje? Ng'ombe wameamkaje?" Watoto wangu wa kuwazaa hawajawahi kuniulizia ng'ombe. Nikawa najibu kwa kirefu, mmoja mmoja, na afya zao. Nikaanza kunyoa ndevu. Nikanunua mafuta ya kujipaka yenye harufu. Nilikuwa nanawa uso kabla ya kufungua meseji, wallahi, ingawa mimi ni Mkatoliki na wallahi si yangu. Jirani yangu Onesphory akaniuliza siku moja kwenye shamba la vitunguu, "Tomaso, unanukia hivyo unamnukia nani, jembe?" Nikamfokea aangalie matuta yake.

Wiki ya tatu shikamoo ikapungua, likaingia neno "mpenzi". Mtu mwenye akili angejiuliza, binti anayekuita baba Jumatatu anakuitaje mpenzi Alhamisi? Mimi niliuliza kama anapenda maziwa mgando.

Akanitumia na ujumbe wa sauti. Sauti ilikuwa nzito kidogo kuliko ya kwenye televisheni. Akasema ana mafua, kiyoyozi cha studio kinamwua. Nikamshauri atafune kitunguu swaumu. Halafu nikafikiri, Dar es Salaam atapata wapi kitunguu swaumu cha maana? Aliposema wasanii wanalala njaa wakati wa kurekodi, naomba unisaidie chochote, mimi nikajaza kiroba cha vitunguu vyangu bora, nikakipeleka Dongobesh, nikakisafirisha kwa basi. Akajibu, "Asante mpenzi, lakini ungetuma hela tu." Hakwenda kukichukua. Alisema anaogopa mashabiki watamtambua stendi. Baada ya siku kumi basi likakirudisha, na kondakta alikishusha kwa ncha za vidole akaniambia, "Mzee, abiria wangu wamelalamika kutoka Dodoma mpaka hapa." Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Binadamu gani mwenye pua na tumbo anakataa vitunguu swaumu vya Bashay? Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Nilikibeba kiroba mgongoni nikirudi nyumbani, nawaza jinsi alivyo mnyenyekevu.

Nikatuma hela kidogo. Nikatuma tena. Halafu likaja lile kubwa. Mkurugenzi wa tamthilia amemzuilia mkataba wake, akilipa faini ataachiwa, na akishaachiwa anakuja Bashay kupumzika wiki nzima. "Nataka kwanza unipeleke kwenye kaburi la mama," aliandika. "Nikamjibu mwenyewe lile swali lake."

Hilo la kaburi ndilo lililonimaliza. Niliweka simu chini nikalia, mtu mzima, mbele ya mbuzi. Nilimwona Mama Nasra na kitambaa chake cha kijani amesimama pale kwenye msalaba wa Verdiana anamwambia nimemsamehe, au sijamsamehe, vyovyote vile. Kwa ajili hiyo ningeuza hata paa la nyumba.

Sikuuza paa. Nilikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa. Mmoja ni Tausi, anatoa maziwa mazuri, ndiye wa chai yangu. Wa pili ni Sikitu, na Sikitu alikuwa na kasoro. Alipozaa mara ya mwisho aliugua kiwele, chuchu moja ikafa kabisa, na ya pili inatoa kwa kulazimishwa. Scola mwenyewe ndiye aliyeninunulia dawa, haikusaidia. Ningepaswa kumuuza Tausi, hela ingekuwa nyingi na safi. Lakini mapenzi nayo yana mipaka yake, na mimi chai ya rangi inaniumiza tumbo. Nikaamua Sikitu.

Na mnunuzi alikuja mwenyewe. Kuna mwalimu hapa shule ya msingi anaitwa Yasmini, ametokea Tabora, ni mgeni huku mwaka wa pili. Ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na alikuwa amedunduliza kwa muda mrefu apate ng'ombe wa kumpatia huyo mtoto maziwa. Akaja nyumbani siku mbili kabla ya mnada.

"Shikamoo mzee," akasema. "Nimeambiwa na kila mtu nisinunue ng'ombe bila wewe. Mimi kwetu sijafuga, nitaibiwa mchana kweupe. Naomba twende ukanikagulie."

"Marahaba mwalimu," nikamwambia. "Kwa nini uhangaike mpaka mnadani? Kesho kutwa njoo hapa. Nina wangu."

Ungeona uso wake ulivyofurahi! Mpaka leo nikikumbuka uso ule natamani kujipiga kofi.

Siku moja kabla hajaja, sikumkamua Sikitu. Ndama nikamfunga mbali. Usiku mzima yule mnyama alikuwa analia kwa maumivu ya kiwele, na mimi nikajifunika blanketi mpaka masikioni. Asubuhi kiwele kilikuwa kimejaa, kimevimba kila upande, chuchu nzima na chuchu mbovu huwezi kuzitofautisha. Ujanja huo nimeufichua mnadani mara nyingi kuliko nywele nilizobaki nazo. Kuna dalali mmoja nilimpigia kelele kwa ajili hiyo mpaka akahamia mnada mwingine.

Mwalimu akaja. Akamzunguka Sikitu kwa mbali, anaogopa pembe. Akauliza, "Mzee, huyu umeshamkamua leo?"

"Nimemkamua alfajiri," nikasema. "Na bado unaona alivyojaa."

Hakugusa chuchu. Hakuuliza lingine. Alinipa hela kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akashukuru. Akamwondoa Sikitu na ndama wake akiwa na jirani yake Sada, wanacheka njia nzima.

Mimi huyo, mbio, Dongobesh kwenye duka la Farouk, ambaye ni wakala wa kutuma pesa. Farouk ni kijana wa heshima zake. Akaandika namba, akainua macho.

"Shikamoo mzee. Unasema unamtumia mwanamke?"

"Marahaba. Ndiyo. Msanii mkubwa."

"Jina linalokuja hapa ni Ayubu."

"Ni meneja wake."

"Mzee, naomba tumpigie kwanza huyo meneja."

"Farouk, nimekuja kutuma au nimekuja kuhojiwa?" Nilipandisha sauti mpaka wateja wakageuka. Akatuma. Alinisindikiza mpaka mlangoni, ananiangalia kama ninayepelekwa hospitali.

Wiki ikapita. Mama Nasra akasema ile faini imetozwa na kodi, niongeze kidogo. Jumamosi Scola akaja kunitembelea, nikaona bora nimwandae kisaikolojia. Nikamketisha, nikasafisha koo, nikamwambia tutapata mgeni, mgeni mwenyewe ni Mama Nasra, naomba uje kumpokea na usiniaibishe.

Scola hakucheka. Hilo liliniudhi, nilitegemea angalau ashangilie. Akaomba simu. Akasoma, akasoma, akasikiliza ile sauti ya mafua mara mbili.

"Baba," akasema taratibu, "huyu ni mwanamume anabana pua."

"Wewe unawajua wasanii?"

"Siwajui. Lakini nawajua wanaume wenye mafua, natibu kila siku."

Akafungua simu yake, akanionyesha ukurasa mwingine, wenye watu wengi mno wanaoufuata. Mama Nasra mwenyewe, uso kwa uso, anaongea. Anasema kuna watu wanatumia picha zake kuwaomba mashabiki pesa, yeye haombi mtu pesa, hana akaunti nyingine, msitume chochote. Sauti yake nyembamba, haina mafua hata kidogo. Alikuwa ametangaza hivyo tangu mwezi uliopita. Nchi nzima ilijua, isipokuwa mkaguzi mkuu wa Bashay.

Bado nilibisha. Nilisema labda yule wa kwenye simu ya Scola ndiye feki. Nilisema mtu wa kuniulizia ng'ombe wangu kila asubuhi hawezi kuwa mwizi, Scola hamjui, mimi ndiye ninayemjua. Scola akaacha nimalize. Halafu akaninyooshea simu yangu, nipige. Nikapiga. Ikaita, ikakatwa. Nikapiga tena, haipatikani.

Hapo nikapandwa na wazimu. Nilisimama uani nikaanza kumlaani huyo Ayubu, kama kweli anaitwa Ayubu, yeye na mama yake na laini yake ya simu. "Mshenzi!" nilipiga kelele. "Mtu amekuja kwako na shida yake, amekuamini, unamwangaliaje machoni ukamdanganya? Ana moyo wa namna gani huyu?" Kuku walikimbia. Scola alikuwa ananiambia baba kaa, presha, na mimi ndio kwanza nazidi. Nilisema kesho naenda polisi. Nilisema watu wa aina hiyo wafungwe na funguo zitupwe Ziwa Basotu.

"Hodi!"

Alikuwa mwalimu Yasmini, getini, mtoto mgongoni, kindoo cha plastiki mkononi.

"Shikamoo mzee. Samahani kwa usumbufu, naona nimekuta mna maongezi."

"Marahaba," nikasema. Sauti ilinitoka ndogo kuliko ya Mama Nasra halisi.

"Nimekuja unifundishe kukamua," akasema, anaona aibu. "Nafikiri mimi ndiye nina mikono mibaya. Chuchu moja haitoi hata tone, nyingine inatoa kidogo sana, na za mbili zilizobaki ndama anazimaliza. Sada anasema labda ng'ombe ameninunia kwa sababu mimi mgeni. Nimejaribu kumwimbia, nimejaribu kumpa pumba. Mtoto nampa uji mtupu kwa sasa, si neno. Nikishajua kukamua atakunywa."

Scola akaniangalia. Dawa ya kile kiwele aliinunua kwa mshahara wake.

Nitakuambia ukweli kwa sababu sina cha kuficha tena: maneno yalinijia. Yalikuja matamu, yamepangika. Ng'ombe akihama anashtuka, mwalimu, mpe mwezi mmoja. Mkande kwa maji ya moto. Wiki ijayo nitakuja nikuangalizie. Angeondoka anashukuru. Nilishangaa jinsi ilivyo rahisi, na nilimwelewa Ayubu vizuri kuliko nilivyotaka.

"Mwalimu," nikasema, "mikono yako haina tatizo. Sikitu chuchu moja imekufa na nyingine ni mbovu, na mimi nilijua. Sikumkamua siku nzima ndiyo maana ulimwona amejaa. Nilikuambia nimemkamua alfajiri. Nilikudanganya."

Akacheka. Ndiyo, alicheka. "Mzee unanitania."

"Sikutanii."

"Hapana mzee, wewe huwezi. Watu wote wanakujua. Labda amepata ugonjwa huo akiwa kwangu, mimi sijui kumtunza." Na akaanza kunitetea, kweli kabisa, mbele yangu, kwa bidii. Ikabidi nibishane naye nithibitishe kuwa mimi ni tapeli. Scola ndiye aliyemaliza, akasema kwa upole, "Mwalimu, ni kweli. Dawa niliileta mimi, mwaka jana."

Mwalimu akamweka sawa mtoto mgongoni, ingawa mtoto alikuwa amekaa vizuri tu. Machozi yakamlengalenga lakini hakuyaachia.

"Sasa mzee," akauliza, "nilikuwa nimekuja kwako ili nisiibiwe. Ningekwenda kwa nani?"

Hela yake ilikuwa kwa Ayubu. Nikaenda zizini nikamfungua Tausi, nikamleta uani na ndama wake, nikamwambia mwalimu huyu ndiye wako, Sikitu nitamfuata mwenyewe jioni hii hii. Akaniangalia, akamwangalia Tausi, hakunyoosha mkono kuchukua kamba.

"Usiniamini," nikamwambia. "Kaa hapo, ukamue mwenyewe."

Scola akampokea mtoto. Mwalimu akavuta kigoda, akaacha ndama anyonye kidogo kama alivyokuwa ameona wengine wanafanya, akaanza. Mikono yake ilikuwa migumu, maziwa mengine yakamwagikia kwenye viatu, lakini yalitoka. Chuchu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mimi nimeshika kamba ya ndama, na kindoo kikaanza kutoa povu.

Alipomaliza ya nne akanyanyua uso akaniangalia muda mrefu. Halafu akainama tena, akaanza upya na ya kwanza.